Unafuu wa shule za mtaani analipa nani?

Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma nchini Kenya. Mwaka haukuisha kabla idadi ya wanafunzi haijapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wakati huo huo, mtaani Kibera, wazazi wanaoishi kwa vibarua waliendelea kutoa pesa mfukoni kulipia watoto wao karo katika shule za mabati, ilhali shule za bure kama Olympic na Ayany zilikuwa pale pale ukingoni mwa mtaa. Kwa aliyezoea kudhani kwamba shule ya kulipia ni ya mwenye gari, hilo lilikuwa fumbo.

Aliyelitangaza fumbo hilo duniani ni James Tooley, wakati huo akiwa profesa wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2000 alikuwa Hyderabad, India, kwa kazi ya ushauri ya tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi. Alipochoka na shule za wenye nazo alizotumwa kuzichunguza, aliingia vichochoroni akakuta shule za binafsi za watoto wa maskini zimejaa hadi mlangoni. Tangu hapo akazisaka Makoko kule Lagos, Ghana, China na Kibera. Kundi lake lilipita Kibera kichochoro kwa kichochoro likahesabu shule 76 za binafsi zenye wanafunzi 12,132. Mzazi mmoja alimweleza kwamba sokoni ukipewa mboga za bure ujue zimeoza, na kauli hiyo imenukuliwa na wapenzi wa soko huria hadi ikachosha.

Tooley hafichi anakoelekea. Anaamini kwamba serikali ikijiondoa katika elimu, watu wenyewe watajipanga vizuri zaidi. Huo ni msimamo wake, nami siukubali, lakini hesabu yake ya shule 76 haifutiki kwa sababu hatupendi siasa zake. Wizara ilikuwa haijui, au ilijifanya haijui, kwamba maelfu ya watoto wa Nairobi wanasoma mahali ambapo hapamo kwenye vitabu vyake.

Watafiti wa APHRC, kituo cha Nairobi cha utafiti wa idadi ya watu na afya, akiwemo Moses Oketch, walilitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Walifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani, ambayo ni mitaa ya mabanda, wakazilinganisha na za Jericho na Harambee, mitaa yenye nyumba za kueleweka. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, watoto wa mitaa ya mabanda ndio waliokuwa wengi zaidi katika shule za kulipia, na wenzao wa Jericho na Harambee ndio walioifaidi elimu ya bure. Maelezo yao hayakuhusu mboga zilizooza. Shule za umma hazikujengwa ndani ya mitaa ambayo serikali yenyewe haikuitambua kama makazi. Karo ilipofutwa, nafasi zilizokuwepo zilijaa, na wa kwanza kuzijaza walikuwa wale wanaoishi karibu nazo. Mtoto wa Korogocho hakuikataa shule ya bure kwa kuwa ni mbovu. Hakuwa na nafasi ndani yake, au nafasi ilikuwa ng'ambo ya barabara ambayo mama hawezi kumwachia mtoto wa miaka sita aivuke peke yake.

Nadhani kila upande umeshika kweli yake, kwa nyumba tofauti. Isitoshe, bure ya serikali ina bei. Kuna sare, pesa za mitihani, pesa za masomo ya ziada, na dawati ambalo mzazi huambiwa aje nalo siku ya kumwandikisha mtoto. Zote hudaiwa kwa mkupuo. Shule ya mabati inaweza kuwa ghali zaidi kwa mwaka mzima, lakini inajua kupokea pesa kwa namna maskini anavyozipata.

Hapo ndipo penye siri yake. Ukifika katika shule ya namna hiyo Jumatatu asubuhi utamkuta mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shule, amesimama mlangoni na daftari la karo. Huyu mama kaleta mia mbili, yule kaahidi Ijumaa mume akilipwa mjengo, mwingine katuma kwa M-Pesa nusu ya deni la muhula uliopita. Mayatima wawili watatu wanapita bila kuulizwa kitu. Ndani, ukuta kati ya darasa la tatu na la nne ni ubao wa plaiwudi usiofika juu, kwa hiyo hesabu za huku zinasikika kule, na mvua ikipiga mabati wote wananyamaza wasubiri iishe. Saa nne kuna uji. Mwalimu wa darasa anaijua nyumba ya kila mtoto, kwa kuwa anaishi mtaa huo huo na anachota maji bomba lile lile. Mtoto akikosa siku mbili, mtu atapiga hodi. Na mwisho wa mwezi mwalimu huyo analipwa kwa kutegemea daftari la pale mlangoni. Karo ikiingia nusu, naye anapata nusu, na salio linaingia katika deni lisiloandikwa popote.

Je, watoto wanajifunza zaidi humo? Kwa Kenya jibu la kwanza lililopatikana lilikuwa kubwa mno. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na Justin Sandefur walichambua matokeo ya nchi nzima ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wakati huo, wakakuta pengo kati ya shule za binafsi na za umma ambalo hakuna mradi wowote uliopimwa wa kuboresha shule za umma uliowahi kulikaribia. Walipojaribu kuondoa athari ya wanafunzi wenye uwezo kukimbilia shule za binafsi, pengo halikupotea. Tena karibu theluthi mbili ya shule hizo ziliendeshwa kwa gharama ndogo kuliko shule ya kawaida ya serikali. Lakini KCPE ilifanywa na waliofika darasa la nane, na katika kapu la shule za binafsi mlikuwa na akademia za matajiri wa Lavington pamoja na mabati ya maskini wa Mathare.

Kosa hilo la kapu moja halikuishia kwa watafiti. Mwaka 2011 serikali iliamua kutenga sehemu kubwa ya nafasi za shule za kitaifa, yaani sekondari za umma zinazogombewa kuliko zote, kwa watahiniwa wa shule za umma. Iliyolengwa ilikuwa watoto wa akademia. Mtoto wa mabati, kwa kuwa shule yake iliitwa ya binafsi, akajikuta upande wa matajiri.

Jaribio linaloaminika kuliko yote lilifanyika mbali na sisi, vijijini Andhra Pradesh, kusini mwa India, kuanzia mwaka 2008. Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman walichukua vijiji 180. Kwanza walipiga kura ya bahati nasibu ya vijiji gani vingepata ufadhili, kisha ndani ya vijiji vilivyopata wakapiga kura tena ya familia gani zingepewa vocha ya kumpeleka mtoto shule ya binafsi. Kwa njia hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba waliokwenda walikuwa wa nyumba zenye bidii zaidi. Baada ya miaka 4 watoto walipimwa. Katika Kitelugu, ambayo ndiyo lugha yao, na katika hisabati, waliokwenda shule za binafsi hawakuwa mbele ya waliobaki. Walichowazidi ni Kihindi, somo ambalo shule za serikali hazikulifundisha katika madarasa ya chini.

Wapinzani wa shule za binafsi waliposikia hivyo walishangilia, na wakaacha kusoma. Utafiti huo huo unaonyesha kwamba shule za binafsi zilitumia muda mfupi zaidi kwa Kitelugu na hisabati, muda uliobaki wakaupeleka kwa Kiingereza, Kihindi na sayansi, na bado katika masomo hayo mawili wakatoka sare na serikali. Tena walifanya hivyo kwa gharama isiyofika theluthi moja ya ile ya serikali kwa kila mtoto. Kwa mchumi, hilo ni ushindi wa wazi: matokeo yale yale, au zaidi kidogo, kwa theluthi ya bei.

Nami hapo ndipo ninapotaka tusimame. Theluthi mbili zilizookolewa zimetoka wapi? Si kwenye chaki wala kwenye majengo, maana hata shule ya serikali ya kijijini haina majengo ya kujivunia. Sehemu kubwa kupita zote ya gharama ya shule yoyote ni mshahara wa mwalimu. Tunaposema shule ya binafsi ya maskini ni nafuu, tunasema mwalimu wake analipwa kidogo. Kila mmoja katika mjadala huu anajua hivyo, lakini huandikwa kama jambo la pembeni.

Wasiolipitia pembeni ni watafiti watatu wa shule za Pakistan, Tahir Andrabi, Jishnu Das na Asim Khwaja, ambao tangu mwaka 2003 wamefuatilia shule za vijiji 112 katika mkoa wa Punjab. Mwalimu wa shule ya binafsi huko alilipwa takriban sehemu moja ya tano ya mwalimu wa serikali. Wengi wao ni wasichana wa kijijini hapo hapo, wamemaliza sekondari, hawajaolewa, na mila haiwaruhusu kwenda kutafuta kazi mjini. Watafiti hao wakauliza swali ambalo sikuliona mahali pengine: kwa nini kijiji hiki kina shule ya binafsi na kile hakina? Jibu ni kwamba uwezekano wa shule ya binafsi kuota ulikuwa mara tatu zaidi mahali ambapo serikali ilikuwa imejenga sekondari ya wasichana. Sekondari ya wavulana haikuleta tofauti hiyo, wala shule ya msingi. Katika vijiji vyenye sekondari ya wasichana, wanawake wenye elimu walikuwa zaidi ya maradufu, na mishahara ya walimu wa shule za binafsi ilikuwa chini kwa asilimia 27.

Yaani shule ya binafsi ya maskini, ile inayosifiwa kwamba imechipuka bila msaada wa serikali, ilichipuka palipokuwa na shule ya serikali. Serikali iliwasomesha wasichana, kisha soko la ajira likawafungia milango yote isipokuwa mmoja, na mlango huo ukalipa kadiri ulivyotaka. Anayeitaka serikali ijiondoe katika elimu aeleze walimu wa kizazi kijacho wa Punjab watatoka wapi.

Nairobi hatuna mila ya kumzuia msichana kutoka kijijini, lakini tuna foleni ya TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Vijana wamehitimu ualimu na wanasubiri miaka kuajiriwa. Wengine wana cheti cha kidato cha nne tu na hawajapata chuo. Wote hawa ni hazina ya mwenye shule mtaani. Kijana wa namna hiyo anafundisha huku akisikilizia tangazo la nafasi. Likitoka na jina lake likapita, darasa la tano linaamka halina mwalimu katikati ya muhula. Mwenye shule hana ubavu wa kumzuia, na simlaumu kijana.

Sasa, mtu atauliza, na swali ni la haki: kama mwalimu wa bei ya chini anafundisha sawa na mwalimu wa bei ya juu, kwa nini tumlipe yule wa serikali zaidi? Jibu haliko katika uwezo wa mtu, liko katika kuwajibika. Mwaka 2003 watafiti waliingia bila taarifa katika maelfu ya shule za India; robo ya walimu wa shule za msingi za serikali hawakuwepo kazini, na kati ya waliokuwepo wengi hawakuwa wakifundisha. Mwalimu wa mabati asipofika, mama wa mtoto atajua kabla ya saa sita.

Kenya tulilijaribu hilo kwa mizani nzuri. Walimu wa mkataba, wa mshahara mdogo, waliwekwa katika shule za umma za mikoa yote 8 ya wakati ule, katika sampuli ya shule 192. Baadhi waliajiriwa na kusimamiwa na shirika la World Vision, wengine na wizara. Walimu ni wa aina ile ile na mkataba ni ule ule. Watoto wa walimu wa World Vision walipanda. Watoto wa walimu wa wizara hawakusogea. Bold na wenzake walioandika matokeo hayo wanaeleza jinsi mishahara ilivyochelewa upande wa serikali, usimamizi ulivyolegea, na chama cha walimu kilivyoupinga mpango huo. Kumbe ualimu wa bei ya chini peke yake haufundishi mtu. Anayemfuatilia mwalimu ndiye aliyeleta tofauti.

Bridge International Academies, kampuni ya shule za karo nafuu, ilielewa hilo kabla ya wengi. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwaka 2009. Mwalimu, asiyehitaji kuwa na cheti cha ualimu, alisoma somo neno kwa neno kutoka kwenye kishikwambi, na kishikwambi hicho hicho kiliripoti makao makuu kama amefika na kama amemaliza somo. Nilipoanza kusoma kuhusu mtindo huo niliona ni dharau kwa taaluma, na bado naona hivyo. Lakini mwaka 2022 kundi la watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2019, lilitumia bahati nasibu ya kugawa ufadhili kuupima. Mtoto wa msingi aliyekaa humo miaka 2 alikuwa mbele kwa karibu mwaka mzima wa masomo, na wa chekechea kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Ripoti hiyo hiyo inasema wazi kwamba walimu walilipwa chini ya wenzao wa serikali na kufanya kazi saa nyingi zaidi kwa wiki.

Ubaya wa mtindo huo pia umeandikwa. Uganda iliagiza shule za kampuni hiyo zifungwe, 63 kwa jumla, na Mahakama Kuu ikaikubali amri hiyo mwaka 2016, hoja ikiwa leseni na viwango. Tawi lile la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ambalo lilikuwa limewekeza humo, lilijitoa mwaka 2022, wakati kitengo chake cha malalamiko kikichunguza, pamoja na mengine, madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto katika shule za Kenya. Kishikwambi kinajua kama mwalimu amefika ukurasa wa 14. Mengine yanayotendeka darasani hakiyaoni.

Wala mama aliye jirani na shule haoni kila kitu. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, jengo la ghorofa moja la mbao na mabati la shule ya Precious Talent, Ng'ando, Nairobi, liliporomoka na kuua watoto wasiopungua 7. Wazazi wanaweza kujua kama mwalimu amekuja, na kama mtoto amejifunza kusoma. Nguzo iliyo chini ya saruji hawawezi kuikagua. Hiyo ni kazi ya serikali, na shule isiyoandikishwa haina mkaguzi. Baada ya msiba huo ilifuata misako ya kufunga shule, kana kwamba watoto wangeyeyuka.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba serikali zetu hazikuiga uwajibikaji wa shule hizi. Ziliiga mshahara. Kenya ilipohitaji walimu wa sekondari ya chini (JSS) mwaka 2023 iliwachukua makumi ya maelfu kwa mkataba wa uanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi, na Aprili 2024 mahakama ya masuala ya ajira ikasema utaratibu huo haukuwa halali. Tanzania, ambako shule za binafsi za maskini hazijaenea hivi na ambako ada ilifutwa kuanzia 2016, shule za umma zina walimu wa kujitolea, wahitimu wanaosubiri ajira na wanaopewa posho ya kubahatisha, mara nyingi kwa michango ya wazazi wale wale walioambiwa elimu ni bila malipo. Tofauti na Kibera ni kwamba lango lina bendera.

Tufanyeje basi? Punjab imeonyesha jambo moja lisilo ghali. Katika nusu ya vile vijiji 112, kila mzazi alipewa kadi yenye alama za mtoto wake na alama za kila shule ya kijiji, ya serikali na ya binafsi. Alama za mtihani zilipanda, wanafunzi wakaongezeka, na karo za shule za binafsi zikashuka kwa asilimia 17. Ni zuri, na Nairobi ingeweza kulifanya kesho. Lakini angalia karo iliyoshuka ilimpunguzia nani kipato. Mwenye shule anayeminywa na ushindani hukimbilia kwenye mfuko ule ule wa mwalimu.

Ndiyo maana naona hoja ya kuzipa shule za mtaani zilizoandikishwa pesa za serikali kwa kila mtoto haitoshi ikiachwa ilivyo. Fanya hesabu. Mgao wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Shule ya mabati ya watoto 200 ingepata shilingi 284,000. Gawa kwa miezi 12 na walimu 6, unapata shilingi 3,900 na ushei kwa kila mwalimu, tena kabla hujanunua chaki hata moja. Katika shule ya umma mgao huo hauhusiani na mshahara, kwa sababu mshahara unatoka TSC. Kwa hiyo atakayesema mtoto wa Korogocho apate haki sawa na wa Jericho, aseme pia TSC ilipe angalau walimu wawili katika kila shule ya mtaani iliyokubali kukaguliwa, na miaka ambayo kijana amefundisha mtaani ihesabiwe anapoomba kazi ya kudumu. Wenye shule watapinga ukaguzi. Vyama vya walimu vitapinga mwalimu wa umma kuwekwa chini ya mtu binafsi. Na Hazina itauliza pesa ziko wapi, swali ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini limejibiwa kimya kimya na mwalimu wa darasa la tatu kule nyuma ya plaiwudi.